Mwalimu Aliyetugawia Hofu

Siku ile tulikuwa watu sita. Ndugu yangu Mutua alikaa mbele ya kompyuta, mikono kwenye usukani wake wa plastiki. Dada yetu mdogo, Kalunde, alikaa sakafuni akitazama balbu. Jirani yetu Mama Kioko alisimama kando ya meza, mgongo wa kiganja chake ukigusa ubavu wa mashine. Nzioka, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kwenye kibanda chake ng'ambo ya ua, amevaa miwani yake myeusi, anangoja kuambiwa achome. Mimi, Mwende, kifungua mimba wa nyumba hii, nilikaa bega kwa bega na Mutua nikitazama namba moja tu pembeni ya skrini. Na Mwalimu alikuwa mlangoni, kwenye kiti tulichomtolea nje, viatu vya mpira miguuni, mbali na waya zote.

Ilikuwa mchana, jua la Kibwezi limepiga mabati mpaka yanalia.

"Mtu asisaidie," Mwalimu alisema. "Umesikia, Mama Kioko? Ukiona moshi, sema moshi. Usiukimbilie."

"Na nikiungua mkono?"

"Sema pia."

Mama Kioko alicheka. Sisi wengine hatukucheka. Mutua alikuwa akirusha ndege ya kompyuta, ule mchezo ambao si mchezo, kwa sababu chuo kimoja cha urubani kilikuwa kinatafuta vijana wachache wa kusomeshwa bure, naye alikuwa amebaki katika wale wa mwisho. Mtihani uliosalia ulikuwa safari moja ndefu, Nairobi hadi Mombasa na kurudi, huku watahini wakikutazama kwenye mtandao toka mwanzo mpaka mwisho. Safari ikikatika njiani, jina lako linaondolewa. Na kompyuta yetu ilikuwa inaganda. Haikuganda mwanzoni, wala haikuganda baharini. Iliganda wakati wa kurudi, ikishapita Mtito Andei. Picha ilisimama, sauti ya injini ikarudia kipande kimoja kama mtu mwenye kigugumizi, halafu kimya. Safari hizo ndefu Mutua alikuwa akizirusha peke yake chumbani, sisi tukisikia sauti tu.

Karibu na Mtito Andei ndipo baba na mama walipofia, barabarani, siku moja. Kwa hiyo hakuna aliyeona kuganda kule kama jambo la mashine tu, hata wale waliosema kwa mdomo kwamba ni mashine.

Mwalimu nilikuwa nimemjua kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Mwanamke huyo alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi nyuma ya soko, nami nilikuwa nikipika katika hoteli ndogo upande wa pili wa barabara. Niliacha shule kidato cha pili, wiki ile tulipozika, nikaanza kuosha sufuria pale, na baadaye nikapewa mwiko. Alikuja kila mchana. Alinusa muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kabla ya kuonja. Alifunua chai na kuitazama kama mtu anayetazama kisima.

"Mwende, hii maziwa ni ya leo?"

"Ni ya leo, Mwalimu."

"Leo asubuhi ama leo ya jana?"

Sijawahi kumwona mtu mwoga kama yeye, na sisemi hivyo kwa kumdharau. Aliogopa mawingu; yakitanda upande wa Chyulu alikuwa akichomoa kila kitu ukutani, hata pasi ambayo haijatumika. Aliogopa ngazi, maji yaliyosimama, watu wanaocheka sana, na simu kutoka namba asiyoijua. Zaidi ya yote aliogopa barabara kubwa ya Mombasa, na chuo kilikuwa upande huu na chakula kilikuwa upande ule. Alisimama ukingoni kama mbuzi mbele ya mto mpaka mmoja wetu atoke jikoni.

"Mwende, nivushe."

Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka damu ikasimama. Siku moja tulipofika katikati akafumba macho na kukataa kusonga, lori likashuka kutoka upande wa Makindu likipiga honi. Dereva akatoa kichwa: "Mama, hii barabara ni yako ama ni yangu?"

"Ni ya Mungu!" Mwalimu akajibu bila kufumbua macho. "Na wewe punguza mwendo, una watoto!"

Dereva akapunguza mwendo. Sijui kama alikuwa na watoto.

Lakini mtu huyu huyu alipanda pikipiki bila wasiwasi wowote. Alikaa kwa ubavu, miguu upande mmoja, mkoba mapajani, na kumwambia kijana aongeze mwendo. Na kuku walimtisha. Kuku akiingia darasani, somo lilisimama. Watu wa hoteli walimcheka hadharani, naye alikubali kuchekwa. Nilimuuliza mara moja, nikimmiminia chai, inakuwaje anaogopa kuku na haogopi pikipiki.

"Pikipiki ikianguka nitajua kwa nini," akasema. "Tairi, ama mchanga, ama yule kijana amekunywa. Kuku sijui anafikiria nini."

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Kilichomtisha ni kitu kisicho na sababu, na maisha yake yote alikuwa akikimbiza sababu ili apate pumzi. Wanafunzi wake walimwiga jinsi anavyogusa mashine kwa mgongo wa kiganja, vidole vimekunjwa. Waliona ni madaha. Kumbe ni kwa sababu stima ikikukamata kwa kiganja, mkono unajifunga na kushikilia; ikikupiga mgongoni mwa kiganja, mkono unarudi kwako. Alifundisha jambo hilo kabla ya kufundisha mahali pa kuwashia.

Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi. Mwanafunzi akisema kompyuta imekufa, alisimamisha darasa. "Kompyuta haifi. Wanaokufa ni watu. Sema imefanya nini, kisha ikafanya nini." Alimwambia Mutua hivyo hivyo mwaka alioanza kusoma kwake, mbele ya wenzake, na Mutua akachukua mkoba wake akatoka. Jioni hiyo alikaa jikoni kwangu akisema harudi tena. Kesho yake Mwalimu akaja hotelini kabla ya wakati wake, amejivusha barabara mwenyewe, jasho limemtoka mpaka kitambaa cha kichwa kimelowa. Amebeba tikiti maji kubwa.

"Hili ni la yule kijana," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni tikiti."

Mutua akalila, akarudi darasani. Hawakulizungumzia tena.

Ndugu yangu aliipata kompyuta yake kwa kazi ya kumwagilia nyanya katika mashamba ya kando ya mto, msimu baada ya msimu. Ilikuwa mashine nzito iliyotoka katika ofisi za watu, na ndani yake aliweka ndege. Mwanzoni nilidhani ni utoto. Halafu nikaona anavyojaza mafuta kwa hesabu, anavyozungumza na mnara usiokuwepo, anavyorudia kutua mpaka fulana inashikana na mgongo. Barua ya chuo ilipokuja ndipo nilipoogopa. Vijana wa rika lake walikuwa wameshaingia kwenye malori kama utingo, barabara ile ile. Mutua alikuwa amesema wazi: akikosa, anaenda na lori la binamu ya Nzioka. Basi nilikuwa na barabara upande mmoja na anga upande mwingine, na katika hizo mbili niliombea anga, kwa kuwa barabara nilikuwa nimeshaiona inavyofanya.

Tulijaribu kila kitu. Tena tulijaribu kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mtu akisema ni vumbi, tulipuliza vumbi. Mwingine akisema ni joto, tulifungua ubavu na kuelekeza feni. Nilitoa kitambaa cha kufuma nilichokuwa nimekifunika juu yake, maana kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Mutua alibadilisha waya, akafuta michezo mingine, akahamisha meza, yote kabla ya chakula cha mchana. Safari moja ikafika salama. Tukashangilia, tukachinja jogoo. Safari iliyofuata ikaganda pale pale. Na hatukujua hata kilichokuwa kimetusaidia mara ile moja.

Lawama ikamwangukia Nzioka. Akichomelea, balbu zetu hupepesa, na kila mtu alikuwa ameona. Mutua akaenda uani akamwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu aliyetubebea jeneza. Nzioka akavuta miwani yake machoni akaendelea kuchoma, cheche zikimrukia Mutua miguuni.

Kina mama wa kanisani nao wakaja. Waliizunguka kompyuta wakashikana mikono, wakakemea damu ya barabara na kila roho inayomsubiri kijana wetu pale Mtito. Mama mmoja akasema aliota ndege inaanguka bila kelele. Hakuwa na nia mbaya, lakini tangu siku hiyo Kalunde alikataa kubaki chumba kimoja na ile mashine. Mwalimu alikuwepo, maana ni kanisa lake pia. Nilipofumbua macho katikati ya maombi nikamkuta amefumbua yake, anatazama chini.

Baadaye nikamuuliza kama hakuwa na imani.

"Ninayo. Lakini Mama Kioko alikuwa amesimama juu ya waya."

Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi naogopa kuliko nyinyi wote," akasema. "Kwa hiyo nisikilizeni. Mmeifanya hii mashine kama mgonjwa anayepewa dawa ya kila jirani. Na nyinyi wenyewe mnaogopa kila kitu, joto, stima, mashetani, Nzioka. Hofu ya vitu vyote haina kazi. Kila mtu achukue moja aiangalie."

"Tutaigawaje, Mwalimu?" Mutua akauliza.

"Kwani hamjawahi kuitisha mwethya?"

Kwetu Ukambani mwethya ni kazi ya majirani. Ukitaka kuchimba matuta ya shamba kabla ya mvua, unawaita, wanakuja na majembe yao, kila mtu anapewa kipande chake. Hulipi pesa. Unalipa siku. Aliyekupa siku yake, siku yake ikifika unaenda, hata kama ni mgonjwa. Sikuwahi kusikia mwethya wa kukaa na kutazama kompyuta, na Mama Kioko alipoitwa alikuja na jembe kweli, akidhani namtania.

Nzioka hakuitwa na Mutua, nilikwenda mimi. Aliniacha nisimame kwa muda.

"Mnanitaka nije nihukumiwe?"

"Tunataka uchome ukiambiwa, uache ukiambiwa."

"Haya. Leo mtajua kama ni mimi ama ni mashetani yenu."

Hata Kalunde alikubali kuingia chumbani, mradi atazame balbu tu. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye siku ile niliyoanza nayo, sisi sita, kila mtu na hofu yake moja.

Safari ilikwenda vizuri mpaka Mombasa. Mutua aligeuza juu ya bahari. Mwalimu akapaza sauti: "Nzioka, choma!"

Ng'ambo ya ua kukawaka buluu.

"Imepepesa!" Kalunde akalia.

"Ndege?"

"Inaenda," Mutua akasema.

"Choma tena, ndefu. Kalunde?"

"Imepepesa sana!"

"Ndege?"

"Inaenda, Mwalimu."

"Basi Nzioka ameachiliwa."

Sauti ikatoka uani: "Na msamaha nitaombwa na nani?"

"Na wote, tukimaliza! Choma tena!"

Mutua hakugeuka, lakini niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Mama Kioko, joto?"

"Ni kama mtoto aliyelala."

"Mwenye homa?"

"Hapana, mzima."

Namba yangu mimi ilikuwa kumbukumbu ya mashine, yaani nafasi inayotumia kubeba vitu inavyovionyesha. Mwalimu alikuwa ameniambia ikifika juu kabisa haina pa kuweka kitu kingine. Tangu Nairobi ilikuwa imekaa chini, ikipanda kidogo na kushuka kidogo kama kifua cha mtu. Tulipofika Mtito Andei ikaanza kupanda bila kushuka.

"Inapanda."

"Kwa haraka?"

"Kama mtungi chini ya bomba."

"Usiondoe macho."

Lakini niliyaondoa. Mutua alikuwa ameishusha ndege mpaka miti ikaonekana mmoja mmoja, akaiinamisha upande, nami nikaona mlango wa buluu. Ilikuwa nyumba yetu ya zamani, ile iliyokwisha kuanguka. Nikaona zizi na baiskeli ya baba imeegemezwa ukutani. Na mbele ya mlango alikuwa amesimama mama, amejifunga leso yake ya manjano, mkono juu ya macho, kama alivyokuwa akisimama kila ndege ilipopita juu yetu. Mutua aliizunguka nyumba. Akaizunguka tena. Tulivyozunguka, mama alibaki akituangalia, na uso ulikuwa wake, si wa mtu mwingine.

Halafu kila kitu kikasimama. Injini ikaanza kugugumiza. Mama amesimama, mkono juu, hatikisiki.

"Yesu!" Mama Kioko akavuta mkono wake akarudi nyuma mpaka ukutani. Kalunde aliacha balbu. "Mwaitu," akasema, kama tulivyokuwa tukimwita mama, na akajificha uso kwenye gauni langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewaambia wadogo zangu kwamba waliokwenda wamepumzika, na sasa huyu hapa, amekwama mahali ambapo Mutua alimwita aje.

"Namba?" Mwalimu akauliza kutoka mlangoni.

Sote tulikuwa tukimtazama mama.

"Nani ametoka kwenye kazi yake? Mwende! Namba!"

Nikatazama. "Imejaa," nikasema.

Ndipo akainuka. Sikuwahi kumwona akiingia chumba chenye waya nyingi namna ile bila kuomba zichomolewe kwanza. Aliingia kwa hatua za mtu anayevuka mto, akasimama nyuma ya Mutua, akamtazama mama kwa muda mrefu.

"Hizi picha umezitoa wapi?"

"Za zamani, za karatasi. Nilizipiga kwa simu. Nikajenga mwenyewe."

"Kwa ukubwa wake wote?"

"Mama akipunguzwa, uso hauonekani."

"Na kila ukirudi unazunguka hapa?"

Mutua aliitikia kwa kichwa. "Mpaka nitosheke," akasema.

Mwalimu akavuta pumzi. Alituambia kwa maneno mepesi: kila mzunguko mashine inazileta picha zile upya, nzito vile vile, na zile za kwanza haizitui chini. Inabeba nyumbani juu ya nyumbani mpaka mikono inajaa. "Nadhani ndiyo sababu," akasema. "Lakini nadhani si kujua. Toa."

"Nitoe nini?"

"Nyumbani. Peke yake. Kitu kingine chochote usikiguse. Kesho tukae tena kama leo."

"Sitoi."

"Mutua."

"Afadhali niende na lori." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha, maana Mutua akiwa na hasira hubadilika, akiwa mtulivu habadiliki. "Mwalimu, wewe ulisema wanaokufa ni watu. Sasa unaniambia niwatoe mara ya pili."

Mwalimu, yule mama mwoga wa kuku, akamshika bega. "Unatoa ili ujue," akasema. "Hutoi ili upoteze. Ukishajua, tutatafuta njia ya kuwarudisha. Usipojua, mama yako atakuwa anasimama hapo akiganda kila siku, nawe ukimtazama."

Mutua akanigeukia. "Dada, sema wewe."

Kuna siku nyingi nilizochoka kuwa mkubwa, lakini hakuna iliyonilemea kama ile. Kalunde alikuwa bado ameushika mkunjo wa gauni langu. Nikasema, "Toa." Akatoa. Nilitazama mkono wake ukifanya hivyo, kwa kuwa nilimwambia mimi.

Kesho yake tulikaa tena, kila mtu mahali pake. Mwalimu hakuruhusu hata kiti kisogezwe. Ndege ikapita Mtito Andei, ikafika mahali petu, na palikuwa vichaka vitupu na udongo mwekundu. Mutua alizunguka kama kawaida, maana Mwalimu alimwamuru azunguke. Namba yangu ilipanda kidogo ikashuka. Akanyoosha ndege akaenda zake mpaka Nairobi, akatua. Hakuna aliyepiga makofi. Nzioka alikuja dirishani, miwani juu ya paji, akauliza, "Imefika?" Mutua akaenda nje kwake, wakasimama pamoja uani kwa muda. Sijui waliambiana nini. Walirudi wakibeba benchi pamoja.

Siku ya mtihani yenyewe sikuingia chumbani. Nilikaa nje nikichagua mawe kwenye ndengu ambazo hazikuwa na mawe. Mwalimu alikaa nami, akiuliza kila wakati kama wingu lile linakuja huku. Halikuja. Mutua akapita mtihani.

Naye Mwalimu akatimiza neno lake. Kabla Mutua hajaondoka walikaa pamoja mchana baada ya mchana, wakipunguza zile picha, moja kwa wakati mmoja, wakijaribu baada ya kila moja. Mlango wa buluu ukarudi. Baiskeli ikarudi. Mama alikuwa wa mwisho. Uso wake umefifia kidogo, ukikaribia sana huoni macho, lakini ni yeye, na mashine inambeba bila kuganda.

Siku za watu nikazilipa. Mama Kioko nilimvunia ndengu zake. Nzioka tulimsombea mawe ya msingi wa nyumba, mimi na Kalunde, na Mutua alipokuja likizo. Lakini Mwalimu hakuwa na shamba. Hakuwa na msingi wa kujenga wala harusi ya kupikia. Kila nilipomuuliza nimfanyie nini alisema, "Siku yangu iache ikae." Barabara nilimvusha, lakini hiyo nilikuwa nikimvusha tangu zamani, haiwezi kuhesabiwa. Kisha chuo kikamstaafisha, akahamia kwa kaka yake huko Kanyangi, upande wa Kitui, siku za wengine zote zimelipwa na yake imebaki.

Juzi nilikwenda kumwona. Mutua alikuwa ameandika kwamba siku hiyo angerusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, ndege ya kweli, bila mwalimu kando yake. Nilijua siwezi kushika mwiko. Nikapanda gari la asubuhi.

Nilimkuta amekaa kwenye baraza ya kaka yake. Amekonda. Alinitambua kwa sauti, maana macho yameingia ukungu mweupe. Ananiona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Kuku walikuwa wakipita karibu na miguu yake, naye alikuwa ameikunja miguu juu ya kiti.

"Nani amekuvusha barabara?" nikamuuliza.

"Huku hakuna barabara," akasema. "Kuna kuku tu." Halafu akageuza uso. "Mbona unapumua hivyo? Nani anaumwa?"

Nikamwambia.

Hakusema usiogope. Wote wengine walikuwa wameniambia hivyo, kuanzia mwenye hoteli hadi pasta. Aliuliza anaruka saa ngapi, upepo ukoje, injini imekaguliwa na nani, na niliyoyajua nikamjibu, na nisiyoyajua akaniambia, "Hiyo basi ndiyo tunaiogopa. Zile nyingine ziache." Tukakaa. Alinishika kifundo cha mkono na vidole vyake vilikuwa baridi. Wakati uliotajwa ukafika, ukapita. Simu ilikuwa mapajani mwangu. Kaka yake alituletea uji, ukapoa. Mara moja nilitaka kusimama nipige simu, akanivuta nikae.

"Ana kazi mkononi," akasema. "Muache nayo."

Simu ikalia. Mutua alikuwa ameandika neno moja: Nimetua.

Nikamsomea. Hakushangilia. Aliuachia mkono wangu, akafuta uso kwa ncha ya kanga, na niliona alikuwa akitetemeka mwili mzima, tangu lini sijui. Nikampa uji uliopoa, akanywa mpaka akawa sawa.

"Mwende."

"Naam, Mwalimu."

"Wanataka kunipasua hili jicho. Kitui, hospitali. Wanasema utakuwa macho, unasikia yote. Wanasema usitikisike." Akacheka kidogo. "Mimi, nisitikisike."

"Nitakuja," nikasema.

"Usiseme nitakuja kama watu wa kanisa. Taja siku."

"Ni lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Alhamisi ya wiki ijayo," nikasema. "Nitakuwa hapo kabla hawajakuita. Nitauliza kama naweza kukushika mkono."

"Wakikataa?"

"Nitakaa mlangoni."

Alifikiri juu ya hilo, uso umeelekea mahali kuku walipokuwa wakichakura. "Mlangoni ni sawa," akasema.

Alhamisi yenyewe haijafika. Kalunde ananiuliza kwa nini silali vizuri na Mutua ameshatua salama. Nimekwisha kumwambia mwenye hoteli kwamba siku hiyo sitapika.